Treni ni ya Gadi

Bendera hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kiti, alikishika mgongoni, akakisogeza kidogo, kisha akabaki amesimama pembeni yake akizungumza nawe huku macho yakienda mlangoni. Msibani alisimama. Harusini alisimama, hata ya kwake mwenyewe, mpaka mshenga akamvuta koti. Alipolazwa hospitali kwa homa, muuguzi alimkuta koridoni anatembea na dripu yake mkononi.

"Mzee, unaipeleka wapi hiyo?"

"Tunanyoosha miguu tu, mama."

Mtu wa nyumba za reli, zile za kando ya stesheni, hakuhitaji kuelezwa sababu. Bendera alikuwa gadi wa treni: yule anayepanda behewa la mwisho, anayehakikisha milango imefungwa na abiria wamepanda, kisha anapuliza filimbi na kupunga bendera ya kijani. Bila bendera yake, dereva hagusi kitu. Watu wengi hudhani treni ni ya dereva kwa sababu dereva ndiye mwenye honi. Siyo. Dereva huendesha injini. Treni ni ya gadi. Bendera alifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, naye akamfundisha kila aliyekutana naye, aliyeuliza na asiyeuliza.

Aliyechoka zaidi kuusikia msemo huo alikuwa dereva wake wa miaka yote, ambaye pia ni kaka wa mkewe. Walitaniana hapo kama mashemeji wanavyotaniana.

"Treni yako, shemeji," dereva alipenda kusema, "lakini ikiharibika, mgongo wangu."

Mke wa Bendera naye alikuwa na kibanda cha chai pale stesheni, mbele kabisa ya mahali behewa la mwisho lilipokuwa likisimama. Watu walimwita Mama Chai. Abiria wenye pupa walipotaka kuungua midomo kwa kuogopa kuachwa, aliwatuliza: "Kunywa taratibu. Gadi si yule pale? Treni haijaondoka." Abiria wakatulia, wakanywa, wakamaliza. Asiyemaliza alikuwa gadi mwenyewe. Alichukua kikombe, akapiga funda moja akiwa wima, akakirudisha, huyo ameshakwenda kukagua kufuli.

"Tangu unioe," mkewe alimwambia, "hujawahi kuona kitako cha kikombe changu."

Nyuma ya mlango wa chumba chao kulikuwa na misumari, na kwenye misumari hiyo ndiko historia ya reli yao ilikotundikwa. Aliyetaka kuijua hakuhitaji kwenda maktaba, angefunga mlango tu na kutazama.

Msumari wa kwanza ulikuwa na koti zito la kijani, vifungo vya shaba. Kampuni iliyolitoa ilikuwa na jina refu ambalo halikumkaa mtu mdomoni, kwa hiyo watu waliiita Kampuni ya Shaba. Iliijenga njia ile kwa ajili ya machimbo ya chokaa kule mwisho wa reli, na haikujifanya vinginevyo. Abiria walifungiwa mabehewa mawili nyuma ya mawe, na jiwe likichelewa, nao walichelewa. Lakini kifungo kisichong'aa kilikurudisha nyumbani bila ujira. Bendera aliajiriwa humo akiwa kijana mwembamba, koti likimpwaya. Siku chokaa ilipoisha faida, wakubwa walipanda daraja la kwanza wakiwa na masanduku yao, wakashuka mjini, basi. Aliwapungia bendera yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anawaaga.

Msumari wa pili, koti la buluu, vifungo vya plastiki. Hilo lilikuwa Shirika. Shirika lilimwajiri kila mtu na binamu yake. Treni ilichelewa, ndiyo, ilichelewa mpaka watu wakaifanyia vichekesho, lakini ilikuja, na mwanafunzi, mgonjwa na mwenye kuku wake wote walipanda. Kisha Shirika likaanza kuugua. Ilianza sabuni kupotea vyooni. Zikafuata balbu, zikafuata vioo vya madirisha, na mwishowe mishahara yenyewe ikawa habari za kusikia. Waliolifilisi walikuwa na ofisi zenye mazulia na hawakuwahi kupanda treni ile hata siku moja.

Msumari wa tatu haukuwa na koti. Ulikuwa na kofia ya chapeo na kizibao cha kung'aa. Hao ni Wakodishaji, waliopewa reli kwa kukodi. Walikuja na tarumbeta, wakakata utepe, wakapaka injini rangi mpya juu ya kutu. Wakaondoa treni ya abiria kwanza, eti inakula mafuta. Kisha injini zikaanza kwenda matengenezo na kutorudi. Asubuhi moja ofisi ilikutwa na kufuli ambalo hakuna aliyelijua.

"Walikuja na suti," dereva alisema, "wakaondoka na injini."

Husemwa kwamba kampuni imekufa, kana kwamba ilikuwa na moyo uliochoka kupiga. Huo ni uongo wa adabu. Kampuni huachwa ife, na anayeiacha ana mkono na kalamu, na nyumba yake haiko kando ya reli. Mara tatu reli ile ilizikwa, na mara zote tatu watu wa nyumba za reli walikuwa wa mwisho kuambiwa.

Kwa hiyo safari ya nne waliamua kuamka mapema. Mama Chai na majirani waliunda kamati, wakaenda ofisi hii, wakatumwa ile, wakarudishwa ya kwanza, wakakaza uzi. Mwishowe wakapata neno: kuna watu wenye nia ya kuendesha treni ya abiria kati ya stesheni yao na mjini. Watakuja kuitazama njia msimu ukikauka. Sharti lao lilikuwa moja tu, nalo mtoto angelielewa. Reli ziwepo. Njia ikiwa chini, watakuja. Ikishang'olewa, nani atajenga upya?

Ndipo dereva alipokuja kwa dada yake jioni moja akiwa na uso wa mtu aliyekanyaga kitu.

"Shemeji, kuna kazi."

Bendera, aliyekuwa akizunguka meza, alisimama. "Kazi gani?"

"Ya treni."

"Treni ipi? Zote si wamekula?"

"Wameleta injini moja. Kampuni ya vyuma vikuukuu. Wamenunua tawi la juu, kutoka hapa mpaka machimboni. Tunakwenda mpaka mwisho, tunageuza, tunarudi huku tunang'oa."

Mama Chai aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Mnang'oa nini?"

"Tawi la juu tu, dada. Kule kumebaki nani? Nyani. Mwisho wao ni stesheni yetu hapa. Njia ya mjini haiguswi. Nimemuuliza msimamizi, nimemuuliza tena, amesema haiguswi."

"Na wewe ukamwamini."

"Nilimwambia hivi: naendesha, lakini bila gadi wangu sigusi kitu. Akaniuliza, gadi ni nini?" Dereva akacheka, kisha akaacha. "Dada, nimekaa bila kushika mpini wa injini mpaka nimeanza kuota naendesha kitanda."

Wote wawili wakamtazama Bendera. Alikuwa ameufungua mlango wa chumbani. Mkono wake ulikuwa kwenye msumari.

"Utakuwa mchimba kaburi," mkewe alimwambia.

"La tawi la juu."

"Nisikilize, baba. Ukipunga ile bendera hapa mbele ya kibanda changu, treni ikiwa inakwenda mjini kwa kung'oa, endelea nayo hukohuko. Usirudi."

"Mwisho wetu ni hapa. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Wala sijasema nimeamini."

Akaenda. Roho ilikuwa nzito lakini miguu ilikuwa myepesi, na katika mzozo wa hivyo miguu ya Bendera haikuwahi kushindwa. Alivaa koti la buluu, kwa sababu ndilo lililokuwa bado linamkaa. Siku treni ilipoondoka kuelekea juu, behewa lilipotikisika chini yake, machozi yalimtoka akayasingizia vumbi.

Kwenda kulikuwa kutamu. Kurudi ndiko kulikomtoa usingizi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Treni ilisimama. Nyuma yake, vijana walifungua boliti zinazoshika reli kwenye mataruma yaliyolazwa chini yake, winchi ikanyanyua chuma kile kirefu, kikapinda hewani kama kinakataa, kikalazwa kwenye behewa tupu. Wakichukua kipande, treni inasogea mbele urefu wa kipande, inasimama tena. Na kila inaposogea, Bendera anapuliza filimbi na kupunga kijani. Maisha yake yote alikuwa amesimama pale kwenye behewa la mwisho akitazama reli mbili zikimkimbia na kukutana kwa mbali. Sasa alitazama, na hakukuwa na kitu. Mawe, na alama za mataruma, kama kinywa kilichong'olewa meno.

Hakulala vizuri. Alizunguka kambini. Aliwauliza vijana maswali wasiyokuwa na majibu yake. Msimamizi alikuwa mtu mpole wa miwani, mwenye simu isiyotoka sikioni, na Bendera alimfuata kila mahali.

"Mwisho wetu ni stesheni, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

Kesho yake: "Ulisema njia ya mjini haiguswi."

"Nilisema, mzee. Hebu kaa basi, unanichosha mimi."

"Sikai," alisema Bendera. "Nauliza tu."

Jinsi walivyokaribia nyumbani ndivyo msimamizi alivyozidi kuongelea simu pembeni, amewapa mgongo. Dereva aliliona hilo pia. Alikuwa anateremka kutoka kwenye injini kuja nyuma kunywa maji, wakatazamana na shemeji yake bila utani.

"Unanusa ninachonusa?"

"Nanusa."

"Basi fungua macho, mwenye treni."

Waliingia stesheni yao saa za asubuhi, jua halijakolea. Hapo ndipo kosa lilipotokea, nalo ni kosa ambalo wale wawili tu wangeweza kulifanya. Dereva alipoziona paa za nyumba za reli, mkono wake ulivuta honi wenyewe, ndefu, fupi, ndefu, kama alivyokuwa akiivuta treni ya abiria ilipokuwa inaingia. Na Bendera, bila kufikiri, akatoa kichwa nje ya behewa la mwisho na kujibu kwa filimbi. Ilikuwa mazoea tu. Vidole havikuwa na habari kwamba kampuni tatu zimekufa.

Nyumba zikafunguka zote kwa pamoja.

Watu walikuja mbio. Mwingine na sabuni bado usoni, mwingine na kiatu kimoja. Walijaa jukwaa la stesheni kama zamani, wakipiga vigelegele, wakiinua watoto waliokuwa hawajawahi kuona treni. Bibi mmoja, mama yake fundi cherehani aliyehamia mjini, alifika akiwa na sanduku. Sanduku lilikuwa limefungwa kamba tayari. Bila shaka lilikuwa limefungwa hivyo tangu kamati ilipopata lile neno.

"Haya, gadi," alimwambia Bendera, akihema, "nipandie lipi? Nataka la dirishani, nikamwone mwanangu mjini."

Bendera alizitazama kamba za sanduku.

"Bibi, hii siyo..."

"Siyo nini? Si wewe? Si ile ile? Nishike mkono, magoti haya si ya kupanda ngazi."

Akamshika. Angefanya nini? Akampandisha kwenye behewa walilokuwa wanalala vijana wa winchi, akamketisha dirishani. Nyuma yake wakapanda wengine, wakicheka, wakigombania nafasi. Vijana wa winchi walisimama na spana zao wasijue waelekee wapi. Ni pale watu walipofika nyuma ya treni na kuona njia iliyokwisha, mawe matupu mpaka kwenye kona, ndipo vigelegele vilipokatika kimoja kimoja.

Mama Chai alikuwa mbele ya kibanda chake. Hakukimbia kuja. Alikunja mikono.

Msimamizi alikuja akitembea haraka, simu mkononi. "Mzee, washushe hawa watu. Tunaendelea."

"Tunaendelea wapi?"

"Mbele."

"Mbele ni mjini."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimepigiwa. Wamenunua yote. Sikupanga mimi."

"Uliniambia mwisho ni hapa."

"Nilivyoambiwa ndivyo nilivyokwambia. Sasa nimeambiwa vingine. Tafadhali, mzee, usinifanyie ugumu. Tunaanza na kile kipande palepale ulipo."

Kila mtu alisikia. Bendera aliangalia mbele ya injini. Reli mbili zilikuwa zinakwenda, zimeota majani katikati lakini zimenyooka, zikakutana kwa mbali kama ilivyo desturi yao. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa bado amekunja mikono. Miguu ya Bendera ilianza. Hatua mbili huku, hatua mbili kule. Akapapasa mfukoni, bendera ya kijani ikatoka nusu, akairudisha, ikatoka tena. Kampuni ya Shaba alikuwa ameipungia iondoke. Shirika lilipokufa alipunga treni ya mwisho. Wakodishaji walipokuwa wanazipeleka injini "matengenezo" ni yeye aliyesimama jukwaani na kuziruhusu, moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa ameambiwa apunge. Mikono yake ilikuwa safi, hakuiba hata msumari. Ila hakuna kitu kilichowahi kuondoka pale bila yeye kukiruhusu.

"Mzee?"

Bendera aliikunja bendera ya kijani mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti la buluu, akafunga kifungo cha plastiki juu yake. Kisha akavuka jukwaa, taratibu, watu wakimpisha, mpaka kwenye benchi la kibanda cha chai.

Akakaa.

Sauti ya mtu nyuma ikanong'ona, "Jamani, amekaa!"

"Mzee, unafanya nini?"

"Nimepumzika."

Msimamizi alimpigia kelele dereva, "Ondoa treni! Sogeza mbele!"

Dereva alitoa kichwa dirishani, akatazama nyuma kwa utaratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Sioni bendera."

"Mimi ndiye msimamizi! Nakwambia sogea!"

"Nakusikia, bosi. Lakini mimi naendesha injini tu. Treni si yangu." Akaelekeza kidole kwenye benchi, na uso wake wote ukapasuka kwa furaha ya mtu aliyeusubiri utani huo maisha mazima. "Muulize mwenye treni."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa na hasira ndani yake. Msimamizi alichukua kitambaa cha kijani kutoka kwa kijana mmoja wa winchi, akakipunga juu ya kichwa chake. Bibi wa dirishani akamwita, "Mwanangu, inzi hawafukuzwi hivyo!" Akaacha kupunga.

"Nitaleta dereva mwingine," alisema. Hakutisha, alisema kama mtu anayeomba.

"Mlete," alijibu dereva. Alichomoa mpini wa kuendeshea, kile chuma kinachoiambia injini iende mbele au irudi nyuma, akateremka nacho ngazi, akakitia ndani ya shati. "Ila aje na mpini wake. Na awe ameshazoea kubeba abiria, maana naona mabehewa yamejaa."

Yalikuwa yamejaa kweli. Waliokuwa wameteremka walipanda tena. Wengine walikaa juu ya reli mbele ya injini na watoto wao. Nyuma treni haikuwa na pa kurudi, kampuni ilikuwa imeshapang'oa yenyewe. Mbele palikuwa na watu. Mtu wa kamati alikuwa ameshashika simu, anawapigia wale wa treni ya abiria, anawaambia wasingoje msimu ukauke, waje leo, waje sasa hivi, reli bado ziko.

Msimamizi aliingia kwenye gari lake, lililokuwa likimfuata kwa barabara, na kuondoka kwa kasi. Hakuna aliyejua angerudi na nani, na vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu.

Bendera alikuwa bado kwenye benchi. Goti lake moja lilikuwa likichezacheza, viganja vimeng'ang'ania ukingo wa mbao, kama mtu aliyeketishwa juu ya jiko. Alitazama barabara, akatazama reli, akatazama barabara.

"Watarudi," alisema.

"Watarudi," mkewe alikubali. Alimwekea kikombe mkononi.

"Labda niende nikakague mabehewa, nione kama milango..."

"Kunywa taratibu," Mama Chai alisema. "Treni haijaondoka."

Akanywa. Funda la kwanza lilimuunguza, la pili pia. Alikunywa chai ile huku goti likicheza na macho yakiwa barabarani, mpaka akakiinamisha kikombe usoni, akakuta chini yake kuna ua jekundu lililochorwa, limefifia kwa kuoshwa. Alilitazama.

"Hili ua lilikuwepo siku zote?"

"Siku zote," mkewe alisema, akakichukua kikombe na kumjazia kingine.